Kifungu cha Kumi na Moja

Baba,

Yule mtamba wa ng'ombe wetu Gaju hayupo tena zizini kwako. Usishtuke. Hajauzwa, hajaibwa, wala ugonjwa haujampata. Juzi nilimpeleka Kitanga kwa rafiki yako Mzee Nestori, kwa miguu, na leo magoti bado yananilalamikia. Ninakuandikia nikiwa nyuma ya jiko, pale ulipokuwa ukianika maharage, kwa sababu nikikaa ndani Mama ananiuliza kila mara ninaandika nini. Nimemwambia ni kazi ya chuo. Nimedanganya kidogo tu, maana yote haya yameletwa na kazi ya chuo.

Ulikufa ukijua sehemu ya habari hii. Sehemu nyingine nilikuficha kwa aibu, na iliyobaki imetokea ukiwa haupo. Nataka uisikie yote kutoka kwangu. Najua kaka yangu Onesmo naye huja kaburini kuongea nawe, akijifanya anang'oa majani, na yeye ana namna yake ya kusimulia.

Nianze na wewe na karatasi zako. Ulivuka kutoka Burundi ukiwa mgongoni mwa mama yako, ukakua ukiulizwa kila ulipokwenda una kitambulisho gani, kwa hiyo hukuwahi kutupa karatasi yenye mhuri. Zote zilikaa kwenye mfuko wa nailoni uliouning'iniza kwenye boriti: kadi ya ubatizo, kadi zetu za kliniki, barua ambayo hata wewe hukukumbuka ilihusu nini, na cheti cha uraia ulichokifunga kwa mifuko miwili zaidi kama mtoto wakati wa masika. “Karatasi ni za serikali,” ulikuwa ukisema. Kwa majirani hukuandika hata mstari mmoja. Mkikubaliana jambo, kilitengwa chungu cha pombe ya ndizi, mirija ikaingia, na waliokunywa ndio mashahidi. Mtu akianza kusahau, ulimtajia nani alikaa wapi siku ile na nani alikuwa na mafua.

Mwaka wa kwanza kule Dodoma, somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa Misingi ya Sheria ya Mikataba. Nilikupigia simu kila Jumapili baada ya misa kukuhubiria. Kwamba mkataba unahitaji ofa, na ukubali unaolingana na ofa hiyo. Kwamba lazima kuwe na kitu kwa kitu, kila upande utoe chake. Kwamba wahusika wawe na nia ya kufungwa na sheria, ndiyo maana mtu akimwahidi rafiki yake chakula cha mchana kisha asitokee, hakuna mahakama itakayomsikiliza huyo mwenye njaa. Siku niliyokuambia kwamba kisheria ahadi tupu si deni, ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, “Hao walimu wako hawajaishi hapa kijijini Titye.” Nami nilicheka, lakini moyoni nilijiona nimekupita, na leo naona haya kuliandika hilo.

Kisha ikaja likizo ndefu, na Gaju akazaa jike.

Gaju unajua alivyokuja kwetu, lakini acha nirudie, maana kosa langu linaanzia hapo. Miaka sita iliyopita ugonjwa uliua ng'ombe wetu wawili kwa wiki moja. Mzee Nestori akaja kututembelea, na Mama akamwandalia uji usio na maziwa, akiomba radhi. Aliunywa wote, akashukuru, akaenda zake. Haikupita muda akarudi kutoka Kitanga akiswaga ng'ombe wa kahawia. Mlikunywa pombe mkasema maneno machache: ng'ombe ni wako, wa maziwa na wa mbolea, na jike lake la kwanza litarudi Kitanga. Ndivyo watu wetu wanavyogabirana tangu zamani. Ukimpa mtu ng'ombe umemfanya ndugu, na siku ndama anaporudishwa pombe inapikwa upya na undugu unaendelea kwa watoto. Gaju alianza na madume mawili, na kila mara Mzee Nestori alikupigia kukutania kwamba unamlisha ng'ombe wake majani ya kiume.

Basi jike lilipozaliwa wewe uliona furaha, mimi nikaona mkataba. Niliona wahusika wawili, mali, sharti na muda. Niliona na hatari pia, maana mashahidi wa pombe ile walikwisha kufa isipokuwa Mama. Nikakuuliza, je, mmoja wenu akifa? Ukasema, “Haya, andika, mwana wanje.” Sasa ninajua hukuwa na hofu yoyote. Ulitaka Nestori aone mwandiko wa binti yako.

Niliandika siku nzima. Muundo niliutoa kwenye mfano tuliopewa darasani, mkataba wa kampuni mbili zinazouziana saruji, na kila penye saruji nikaweka ng'ombe. Vifungu vilikuwa kumi na moja. Kile cha mwisho sikukigusa hata neno: “Mkataba huu unafuta makubaliano yote ya awali kati ya wahusika, yawe ya mdomo au ya maandishi.” Nilikiacha kwa sababu kilisikika kikubwa. Hiyo ndiyo sababu yote, Baba, sina nyingine.

Mzee Nestori alikuja Jumamosi. Wewe ulikwisha kusaini, kwa zile herufi zako zinazopanda mlima, bila kusoma, maana macho yalikuwa yameanza kukusumbua. Ulimpa ile karatasi kwa mikono miwili. Yeye alikuwa katekista miaka mingi, na anasoma kwa kidole, taratibu, kama anasoma waraka wa mtume. Alifika chini, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akautoa mrija wake chunguni, akaukung'uta, akautia mfukoni, akasema anawahi mvua. Ulikuwa mwezi wa nane. Mvua gani?

Wewe ulijua palepale kwamba ameumia. Mimi nilidhani hakuelewa, nikataka kumkimbilia nimfafanulie, ukanishika mkono. Baadaye ukaniambia, “Umeandika vizuri. Tatizo si mwandiko.” Hukusema tatizo ni nini, nami sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Hii ndiyo sehemu niliyokuficha. Niliporudi chuoni mwalimu alitueleza kazi ya kifungu kile. Kampuni zinapofanya mazungumzo marefu, barua na simu na vikao, huwekwa kifungu hicho ili asitokee mtu kesho akadai kwamba kuna neno jingine lilisemwa pembeni. Yote yaliyotangulia hufa. Darasa zima lilikuwa likiandika, mimi nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimempa mzee wa watu, rafiki yako wa miaka arobaini, karatasi inayosema yote yaliyotangulia kati yenu yamekufa, na sahihi yako iko chini yake. Jumapili ile nilikupigia nikuambie. Nikakuuliza habari za mihogo.

Nilikuwa najiambia nitakueleza nikirudi, uso kwa uso. Mwezi wa pili presha ikakuchukua, nami nikiwa katikati ya mitihani. Nilifika kaburi likiwa tayari. Waliniambia Mzee Nestori alikuja alfajiri na jembe lake mwenyewe, akachimba toka juu mpaka chini, na vijana walipotaka kumpokea aliwakatalia kwa ukali. Hakula msibani. Hakunisalimu. Tulipomaliza kufukia alilisafisha jembe kwa majani, akaliweka begani na kuondoka.

Siku kumi hivi zilizopita, baada ya ukoo kusubiri likizo yangu, tuliondoa matanga. Msemaji wa ukoo aliuliza kama ilivyo desturi: aliye na neno na marehemu, au marehemu aliyekuwa na neno naye, aseme sasa watu wasikie. Nilimtazama Mzee Nestori, alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Nilimwomba Mungu amfanye adai. Angedai tu, hata kwa matusi. Akasema, “Mimi na yeye hatuna neno. Yote yalishafutwa.” Watu waliitikia kwa heshima, wakidhani ni maneno ya msamaha. Mimi peke yangu nilijua ananisomea kifungu changu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake Onesmo akatangaza kwamba mtamba ataingia kwenye mahari. Anamwoa Yulita wa Kibondo, yule uliyesema ana mikono ya kazi, na upande wao wametaka ng'ombe watatu. Wawili anao. Wa tatu alikuwa huyu, ambaye, tuseme haki, yeye ndiye aliyemchungia na kumkatia majani tangu azaliwe. Nikamwambia mtamba si wetu. Akaniuliza kwa sheria gani.

Baba, mwanao huyu aliacha shule darasa la saba lakini aliniweka kwenye kona. Kumbe zile Jumapili ulipokuwa ukiweka simu spika, alikuwa akisikiliza kuliko wewe. Alisema kwanza, karatasi iliyosainiwa na Baba inafuta makubaliano ya zamani. Pili, mzee mwenyewe amesimama mbele ya watu akasema hadai. Tatu, hata hayo ya zamani, kitu kwa kitu kiko wapi? “Baba alimpa nini Nestori? Uji mkavu?” Mama alicheka, kisha akakumbuka ni msiba akajifunika kanga.

Nilishinda na madaftari yangu siku mbili. Kwenye hoja ya kwanza nilimshinda vizuri. Mzee Nestori hakusaini, kwa hiyo ile ilikuwa ofa tu isiyokubaliwa, na ofa isiyokubaliwa haifuti hata vumbi. Lakini kwenye ya pili na ya tatu alinipiga. Zawadi ni zawadi, na kurudisha ndama ni jambo la moyo. Mwalimu wangu angempa Onesmo alama zote. Niliumia sana. Nilikuwa nimetegemea kwamba sheria, ambayo niliacha nyumbani kwa ajili yake, itanisaidia kutenda haki bila kugombana na kaka yangu, na sheria ikawa inanijibu kwamba ng'ombe huyu haimhusu.

Ndipo nikamwendea Onesmo zizini bila daftari. Nikamwambia, sawa, kwa sheria umeshinda. Ila siku ya kutoa mahari kule Kibondo, msemaji wetu atasimama mbele ya wakwe, aeleze kila ng'ombe ametoka wapi na kwa mkono wa nani, kama inavyofanyika siku zote. Wa kwanza ulimnunua kwa mahindi yako. Wa pili ametoka kwa mjomba. Huyu wa tatu msemaji aseme ametoka wapi? Aseme Kitanga, wamuulize Kitanga walipokea nini? Aliuma meno, akaokota ndoo, akaenda mtoni na ndoo iliyojaa.

Siku mbili hakuongea nami. Siku ya tatu, kabla jua halijatoka, nilisikia anagonga dirishani kwangu. Mtamba alikuwa tayari na kamba shingoni. Akasema, “Twende kabla sijabadili mawazo.” Njiani ndipo aliponiambia amempigia Yulita kumweleza harusi itasogea mpaka apate ng'ombe mwingine. Yulita alimjibu kwamba afadhali kusubiri kuliko kuanza nyumba na ng'ombe mwenye maneno. Ulimchagulia vizuri ulipomsifia yule binti.

Safari ilituchukua mchana wote. Mimi nilikuwa na dumu la pombe ya Mama kichwani, Onesmo anavuta, mtamba analala njiani kila anapojisikia, na watu wanatuuliza mnampeleka mnadani? Tulipofika kwenye kijito cha chini ya nyumba ya Mzee Nestori, Onesmo akanipa kamba. Nikamkumbusha kwamba desturi inataka mtoto wa kiume. Akasema, “Mimi nilitaka kumla. Wewe uliandika. Bora mwandishi aende.” Akaketi kwenye jiwe, akanigeuzia mgongo.

Nilimkuta mzee anamenya mihogo. Hakusimama. Nilipiga magoti nikamsalimu, akaitikia bila kuniangalia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Titye, yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba kifungu cha kumi na moja sikukielewa, nilikinakili kwenye mkataba wa saruji, na kwamba wewe hukukisoma. Kisu kikasimama. Akauliza, “Saruji?” Nikasema ndiyo, saruji. Akalirudia tena neno hilo peke yake, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

Kisha akaongea, na haya ndiyo ninayotaka uyasikie zaidi. Alisema mlikubaliana mengi, wewe na yeye, mkiwa vijana hamna hata viatu. Kila mmoja awe msimamizi wa ndoa ya mwenzake. Mtoto wa mmoja akikosa shule, mwingine auze mbuzi. Na atakayetangulia, mwenzake amchimbie kaburi kwa mkono wake. “Nikasoma yote yamefutwa,” akasema, “na sahihi yake nikaiona. Siku ya mazishi nilibeba jembe sijui kama bado ninaruhusiwa.”

Nililia, Baba. Nililia mbele yake na kuku wake, kamasi na yote, na dumu la Mama nimelikumbatia. Kwenye msiba wako sikulia hivyo. Siku ile nilikuwa na wageni wa kupokea, na hofu ya mitihani, na aibu yangu. Pale Kitanga vyote vilitoka kwa pamoja. Yeye hakunibembeleza. Alimaliza muhogo aliokuwa ameushika, akanawa, akaenda kwa mtamba. Alimzunguka, akampapasa mgongo, akamfungua mdomo akaangalia meno. Akamfunga kwenye mti wake wa zizi, karibu na ng'ombe mwenye ndama.

Akarudi, akasema, “Ng'ombe nimempokea. Baba yako mwambie hatuna neno, na leo ninasema kwa moyo. Wewe bado. Wewe njoo Krismasi.” Nilianza kumweleza kwamba Krismasi chuo kinafungwa siku chache tu, na Dodoma ni mbali. Akasema hajaniuliza umbali. Halafu akaniambia nikamwite kaka yangu pale kijitoni, alimwona tangu tunashuka kilima, aje ale kabla ugali haujapoa.

Onesmo alikula kama mtu aliyefunguliwa jela. Mzee alimtania kwamba mchungaji mzuri huonekana kwa ng'ombe kutomwogopa, na mtamba alikuwa amemfuata kwa macho mpaka mlangoni. Walikunywa wote wawili. Mimi nilipewa kikombe changu, kidogo, nikakinywa nikiwa nimekaa pembeni.

Kesho kutwa narudi chuoni, mwaka wa tatu. Usidhani nimeichukia sheria. Bado ninaipenda, na bado ninaamini wapo watu wengi hapa kwetu wanaodhulumiwa kwa kukosa karatasi, na hao nitawaandikia. Ila kabla sijampa mtu kalamu nitamsomea kila kifungu kwa Kiswahili, na kwa Kiha akitaka, mpaka cha mwisho, na nitamuuliza ni nini kilichotangulia.

Mama hajambo, mguu wake umepona. Gaju ana mimba tena. Kwenye kaburi lako nimepanda yale maua ya njano uliyokuwa ukiyaita magugu, unisamehe, Mama ndiye aliyeyataka.

Pumzika, Baba. Nakuaga kwa leo kwa sababu maharage yanaungua na ninaitwa. Krismasi nitakuwa Kitanga, nikiwa nimepiga magoti kwenye kibaraza cha rafiki yako. Asiponisamehe Krismasi, kuna Pasaka.

Binti yako,
Konsolata